Mwongozo kamili: kubadilisha utaratibu wa kazi bila kikundi kukufanyia mgomo baridi

Ujumbe ninaoletewa kuhusu jambo hili unafanana kama pacha. Mkutano uliitishwa, mabadiliko yakaelezwa vizuri, wafanyakazi wakaulizwa kama wana maswali, hakuna aliyenyoosha mkono. Wiki ya kwanza mambo yakaenda. Wiki ya tatu watu wamerudi kwenye njia yao ya zamani, na ukiuliza, kila mmoja anaapa kwamba anafuata mpya. Meneja anafunga faili: "Watu hapa hawapendi mabadiliko."

Watu hao hao wamehama nyumba, wamebadili simu mara tano na kujifunza programu ambazo hakuna aliyewalazimisha. Wakiwa mmoja mmoja wanabadilika kila mwaka. Wakiwa kikundi cha kazi wana kitu wanakilinda, na ukikijua kitu hicho kabla ya kuitisha mkutano, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua zilizo hapa chini ni za kikundi kimoja cha kazi, watu 5 hadi 15 wanaoonana kila siku. Ukiwa na idara nzima, zirudie kwa kila kikundi. Usijaribu kuzifanya kwa watu 80 ndani ya ukumbi mmoja.

## Vitu vya kuandaa

- Mamlaka yaliyoandikwa. Pata kwa mkubwa wako, kwa maandishi, orodha ya mambo ambayo kikundi kinaruhusiwa kuyaamua chenyewe.
- Ruhusa ya kazi kushuka. Malengo ya uzalishaji yalegezwe kwa wiki za mwanzo. Hili ndilo husahaulika kuliko yote.
- Hali ilivyo sasa. Kazi inachukua muda gani, makosa mangapi, malalamiko mangapi. Takwimu za wiki 2 zinatosha.
- Daftari lako binafsi, lisiloachwa mezani.
- Karatasi 3 kubwa za ukutani, kalamu nene, na vikaratasi vya kuandikia.
- Chumba ambacho si ofisi yako.
- Wiki 6 hadi 8.

Mengine yote unaweza kuyaokoteza njiani. Mamlaka ukiyakosa, usianze.

## Hatua ya 1: Andika mabadiliko kwa vitendo vya mikono

"Kuboresha ufanisi wa stoo" ni maneno ambayo hakuna mtu anayeweza kuyafanya kesho saa mbili asubuhi. Linganisha na haya: "Anayetoa kifaa stoo atakiingiza kwenye kompyuta kabla hakijavuka mlango. Daftari la jioni halitatumika tena." Hapo kila mtu anaona mkono wa nani utafanya nini.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba sentensi isiyoeleweka hujazwa na hofu. Ukisema "tunaboresha mfumo", anayesikiliza anamalizia mwenyewe kichwani: wanapunguza watu.

Ukishaipata sentensi yako, gawa karatasi safu mbili. Safu ya kwanza: Yameamuliwa. Ya pili: Yako wazi. Kwenye mfano wa stoo, kwamba rekodi zitakaa kwenye kompyuta kumeshaamuliwa. Kompyuta iwekwe wapi, nani aingize, fomu iwe na vipengele vingapi, mtandao ukikatika tufanyeje, nani amfundishe nani, tuanze lini: yote hayo yako wazi.

Onyo. Safu ya pili ikibaki tupu, usiitishe mkutano wa maoni. Toa agizo, eleza sababu, beba lawama. Agizo la wazi linauma mara moja tu, lakini ushirikishwaji wa kiini macho unauma kila unapokumbukwa. Watu wakigundua kwamba uamuzi ulishachapwa kabla hawajaulizwa, mkutano wako ujao utakuwa na viti vimejaa na midomo imefungwa.

Umefanikiwa ukiona: mtu wa idara nyingine anasoma sentensi yako na kukueleza kwa maneno yake nani atafanya nini tofauti. Akianza na "nadhani mnataka…", iandike upya.

## Hatua ya 2: Kichore kikundi kilivyo

Chati iliyobandikwa ukutani inaonyesha nani anasaini likizo ya nani. Haionyeshi kikundi. Kwa siku 5 chunguza mambo matatu tu:

1. Mtu akikwama, anamwendea nani kwanza?
2. Habari mbaya inapita kwa nani kabla haijakufikia wewe?
3. Nani akicheka, wengine nao wanacheka?

Andika majina, unganisha kwa mistari. Jina lenye mistari mingi mara nyingi si la msimamizi, na si la yule anayekuunga mkono kwa sauti kubwa. Zungushia duara. Huyo ukimpoteza, umewapoteza watano.

Kisha tafuta sheria zisizoandikwa. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Mwaka 1931 na 1932 watafiti waliwatazama wanaume 14 wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Walilipwa kwa mtindo ambao kikundi kikizalisha zaidi, kila mmoja anapata zaidi. Kwa hesabu ya meneja wangekimbia. Hawakukimbia. Walikuwa wamejiwekea kipimo chao, mitambo 2 kwa siku, na aliyejitia kimbelembele alipigwa ngumi ya begani. Ngumi iliyofika ilieleweka. Anayeshusha sana naye alisemwa, kwa sababu alikuwa anawabebesha wenzake.

Motisha ya fedha ilishindwa na ngumi ya begani, na kikundi chako nacho kina ngumi yake: jina la utani, kicheko, kutosogezewa kiti.

Njia rahisi ya kuzijua sheria hizo ni kumuuliza mfanyakazi mgeni kuliko wote: "Ulipofika hapa, wenzako walikuonya usifanye nini?" Muulize mkiwa mnatembea, usimwite ofisini.

Umefanikiwa ukiweza kutaja sheria 3 zisizoandikwa na kusema mabadiliko yako yanaigusa ipi.

## Hatua ya 3: Orodhesha wanachopoteza

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliumbuka.

Nikiwa msimamizi kijana nilipewa kazi ya kuhamisha rekodi za stoo kutoka daftari kwenda kompyuta. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima, sote tulimwita Mzee. Daftari lake lilikuwa jekundu, kona zimeshonwa kwa uzi mweusi. Fundi akija kuulizia kifaa, Mzee hakulifungua. Alifumba jicho moja, akasema, "Rafu ya tatu, nyuma ya mapipa, zimebaki nne." Unakwenda, unakuta nne.

Mfumo ulipowashwa, fundi yeyote aliziona hizo nne kwenye skrini bila kumuuliza mtu. Mzee tulimpa mafunzo ya siku 2 na kiti kipya cha kuzunguka. Alihudhuria, aliingiza kila kitu alichotakiwa kuingiza. Na kila jioni, kabla ya kufunga, alikaa nusu saa akiandika upya yote kwenye daftari jekundu. Baada ya mwezi mafundi wakaanza kusema kwamba kompyuta "haiaminiki", nao wakarudi kwenye daftari. Ripoti yangu ilisema tatizo ni umri.

Nilichelewa sana kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu: tangu mfumo uanze, hakuna aliyekuwa akisimama mezani kwake. Kiti kipya kilikuwa kinazunguka bila mtu wa kuzungukiwa.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia yao ya jinsi watu wanavyoamua penye mashaka, na moja ya nguzo zake ni hii: kupoteza kunauma kuliko raha ya kupata kitu cha thamani ile ile. Ndiyo maana faida kumi ulizozipanga kwenye slaidi hazizimi hasara moja ambayo hukuitaja. Msikilizaji hazihesabu hizo kumi. Anasubiri uitaje hiyo moja.

Hasara za kutafuta ni hizi:

Umahiri. Aliyekuwa hodari anageuka mwanafunzi mbele ya vijana. Hii inawagusa zaidi wafanyakazi wako bora, na ndiyo maana hushangai mvivu akikubali haraka. Yeye hana cha kupoteza.

Hadhi. Kuulizwa, kusubiriwa, kushika ufunguo, kujua kabla ya wengine.

Mahusiano. Mwaka 1951 watafiti Eric Trist na Ken Bamforth waliandika kuhusu machimbo ya makaa ya mawe Uingereza. Zamani wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo vilivyojichagulia wenyewe, na kikundi kilibeba kazi nzima mwanzo hadi mwisho. Mashine mpya zikaja na utaratibu wa kugawa kazi kwa zamu tatu, kila zamu na kipande chake. Kiufundi ilikuwa hatua mbele. Lakini zamu moja ikiharibu, inayofuata inarithi uharibifu, na hakuna anayemjua mwenzake. Utoro ukaongezeka, lawama zikawa ndiyo lugha. Kabla ya kuhamisha meza au zamu, jiulize ni nani waliozoea kusaidiana bila kuombana, na kama kesho wataonana.

Uhuru. Kuamua mwenyewe aanze na lipi, apumzike lini. Mifumo mingi mipya hurekodi kila dakika, na ukiongea na watu vizuri utagundua kinachowakera ni kuhesabiwa.

Muda. Hii ni ya mpito, lakini ikiwa jifunze-huku-unazalisha, ni saa za mtu zinaliwa.

Ipo hasara ya sita, ambayo haihitaji saikolojia: mshahara au ajira yenyewe. Kama mabadiliko yatapunguza watu au kipato, anayepinga amepiga hesabu yake sawasawa. Usimpeleke kwenye semina ya mtazamo chanya. Zungumza naye, au na wawakilishi wake, kuhusu fedha na nafasi za kazi, maana ndilo suala lenyewe.

Namna ya kuuliza: mtu mmoja mmoja, dakika 20, mahali pake pa kazi. Swali ni moja: "Hili likianza kesho, ni kitu gani unakifanya vizuri leo ambacho hutakifanya tena?" Akijibu, usitetee. Usiseme "lakini". Andika, kisha sema, "Nimeandika. Kingine?" Jibu la kwanza huwa la heshima. La tatu ndilo la kweli.

Umefanikiwa ukisoma orodha yako kwa mtu mmoja unayemwamini ndani ya kikundi, naye akacheka kidogo na kusema, "Hili nani amekwambia?"

## Hatua ya 4: Punguza breki kabla ya kukanyaga mafuta

Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 1947, aliiona hali yoyote ya kazi kama mahali ambapo nguvu mbili zimesawazika: zinazosukuma mbele na zinazozuia. Unaweza kusogeza hali hiyo kwa njia mbili. Ukiongeza msukumo, yaani waraka, vitisho, tarehe ya mwisho, hali inasogea huku mvutano ukipanda. Ukipunguza kizuizi, inasogea huku mvutano ukishuka.

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto weka yanayosukuma, kulia yanayozuia, ukitumia orodha ya Hatua ya 3. Upe kila mshale alama 1 hadi 5. Halafu chagua vizuizi 2 ambavyo unaweza kuvipunguza ndani ya wiki 2 bila kuomba bajeti, na uvipunguze kabla hujatangaza chochote.

Kwa Mzee wetu dawa iligharimu mazungumzo ya dakika kumi. Kila Ijumaa alipewa mafundi wawili atembee nao stoo, alinganishe skrini na rafu, na sahihi yake ndiyo iliyofunga hesabu ya wiki. Skrini ilikutwa na makosa mengi kuliko kichwa chake, jambo ambalo hakujaribu hata kidogo kuficha kwamba limemfurahisha.

## Hatua ya 5: Mkutano wa kuamua

Kwanza uone kwa nini mkutano wa kawaida hauzai kitu. Katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, jimbo la Virginia, Marekani, watafiti Lester Coch na John French walijaribu njia tofauti za kuwabadilishia wafanyakazi kazi, wakachapisha matokeo mwaka 1948. Mabadiliko yalikuwa madogo mno. Wapiga pasi, kwa mfano, walizoea kupanga nguo nusu dazani juu ya kipande cha kadibodi. Sasa wazipange ndani ya boksi.

Kikundi cha kwanza kiliitwa mkutanoni, kikaelezwa sababu, kikafafanuliwa malipo mapya, maswali yakajibiwa. Ndiyo, mkutano ulifanyika, na ulifanyika vizuri. Uzalishaji ukaanguka na haukuinuka, ugomvi na msimamizi ukazuka, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40. Kikundi kilichotuma wawakilishi kwenda kupanga kazi mpya kilirudi kwenye kiwango chake baada ya wiki 2 hivi. Vikundi viwili ambavyo kila mtu alishiriki kupanga vilirudi ndani ya siku chache, vikapita kiwango cha zamani kwa asilimia 14 hivi, na hakuna aliyeacha kazi.

Kwa hiyo mkutano unaoufanya ni wa kazi. Panga dakika 90.

Dakika 10 za kwanza: onyesha tatizo. Harwood walileta nguo mbili zilizofanana, moja ya mwaka 1946, nyingine ya 1947 iliyouzwa kwa nusu ya bei ya ile. Wakawaomba wafanyakazi waseme ipi ni ya bei nafuu. Walishindwa. Hakuna hotuba ya ushindani wa soko inayofikia hapo. Tafuta cha kwako cha kushikika: fomu tatu za mteja mmoja zenye tarehe tatu tofauti, kifaa kilichorudishwa, barua ya malalamiko iliyofutwa jina.

Dakika 10: soma orodha ya hasara, bila majina. Isome polepole na usiongeze utetezi. Utaona mabega yakishuka.

Dakika 10: kila mtu aandike peke yake. Kikwazo kimoja, pendekezo moja, kwenye kikaratasi, kisha visomwe kwa sauti. Sababu ni hii: kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch miaka ya 1950, watu walipoulizwa swali rahisi kabisa la urefu wa mistari, karibu theluthi ya majibu yalifuata kosa lililokuwa limesemwa na wote waliotangulia, ambao walikuwa wamepangwa na mtafiti wakosee makusudi. Lakini akiwepo mwenzao mmoja tu aliyesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kikaratasi kinampa kila mtu huyo mwenzake mmoja. Akisikia chake kimesomwa na kingine kinachofanana, anapata sauti.

Dakika 30: vikundi vya watu watatu wajadili safu ya "Yako wazi", na hiyo tu. Wewe toka nje ya chumba. Simaanishi ukae kona ukishika simu. Toka.

Dakika 20: amueni. Kila jambo lililoafikiwa liandikwe ukutani pamoja na jina na tarehe. Mwenye cheo na mwenye umri mkubwa waongee mwisho, kwa makubaliano ya mapema nao; wakishaongea wa kwanza, vijana watakuwa wanafafanua tu maneno ya wakubwa.

Dakika 10: kila mmoja aseme kwa mdomo wake atafanya nini wiki ya kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Lewin na wenzake walijaribu kuwashawishi akina mama wa Marekani kupika nyama za ndani kama moyo na figo. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 ndio waliopika. Waliojadiliana na kufikia uamuzi pamoja, asilimia 32. Kunyoosha mkono mbele ya wenzako kuna uzito ambao kusikiliza hakuna.

Onyo la kimya. Usiulize "kuna swali?" Swali hilo linaomba ukimya, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Uliza hivi: "Tuchukulie imepita miezi 3 na jambo hili limeanguka. Limeanguka kwa sababu gani?" Hapo anayekosoa anakuwa anakusaidia kubashiri, na midomo inafunguka.

Onyo la pili. Usiwashirikishe kwenye vijimambo. Jaribio la kushirikisha wafanyakazi liliporudiwa kiwandani Norwe na kuchapishwa mwaka 1960, uzalishaji wa walioshirikishwa haukutofautiana na wa wengine. Maamuzi waliyoachiwa hayakuwa mazito. Kuchagua rangi ya mabango si kushirikishwa, na watu wazima wanajua.

## Hatua ya 6: Jaribio lenye mwisho

Anza na wiki 3 hadi 4, tarehe ya mwisho ijulikane, na vigezo vya kupima viwe vimechaguliwa na kikundi. Watu hukubali kujaribu kile ambacho wangekataa kukiapia.

Watu 2 au 3 watangulie. Usimchague yule anayejipendekeza kwako. Akifanikiwa, wenzake watasema alibebwa. Mchague mwenye duara kutoka Hatua ya 2, pamoja na mmoja mwenye mashaka ya kweli. Mwenye mashaka akikiri kwamba kitu kinafanya kazi, umepata tangazo ambalo hakuna barua ya uongozi inayolifikia.

Siku za mwanzo kazi itashuka. Waambie mapema, kwa namba: "Tukifanya nusu ya kawaida wiki hii, tupo salama." Bila maneno hayo, mtu anayechelewa atakimbilia njia ya zamani ili asionekane mzembe, kisha atajaza mfumo mpya jioni ili asionekane mkaidi. Ndivyo kazi mbili zinavyozaliwa.

Onyo. Usiite "jaribio" jambo ambalo litaendelea hata matokeo yakiwa mabaya.

## Hatua ya 7: Usome ukinzani kama ripoti

Ukinzani una sura nyingi, na zinazopiga kelele ndizo salama zaidi. *Maswali makali* mkutanoni ni zawadi: mtu bado anajali. *Utani* kuhusu mfumo mpya ni wa kuusikiliza, maana ndani yake mna lalamiko ambalo halijapata mlango. *Utii wa herufi*, yaani kufanya kila kitu kama kilivyoandikwa hata pale ambapo ni dhahiri kinaharibu, ni mgomo baridi kamili. Hapo umeshagusa heshima ya watu mahali fulani. *Kukubali haraka* bila swali hata moja ndiko kunakonitisha mimi binafsi.

Mara moja kwa wiki, dakika 15, mkiwa mmesimama: nini kimegoma, nani anarekebisha, lini. Lalamiko la kwanza litakaloletwa lirekebishe ndani ya siku 2, hata likiwa dogo kama kipengele kimoja cha fomu. Kikundi kinatazama kuona kama kusema kuna maana.

Wakati mwingine, wapingaji wako sahihi. Wanajua kwamba hatua unayoifuta ndiyo inayozuia ajali, au kwamba mteja wa aina fulani hapiti kwenye fomu yako. Kabla ya kumwita mtu mkaidi, mwombe akuonyeshe, si akueleze, na ukae naye nusu siku akifanya kazi.

Na yule mmoja asiyeelekea popote? Zungumza naye faraghani, mpe chaguo la namna ya kufanya, usimpe chaguo la kufanya au kutofanya. Usimwaibishe mbele ya wenzake. Ukifanya hivyo, hata waliokuwa wamemchoka watahamia upande wake.

## Hatua ya 8: Funga njia ya zamani

Mkiamua kuendelea, njia ya zamani ifungwe kabisa. Daftari lichukuliwe, fomu za zamani zitolewe droo, ufunguo ubadilishwe. Zikibaki njia mbili, watu watarudi kwenye ile ambayo mikono imeizoea, bila hata nia mbaya.

Muda wa kufunga ni suala la kupima. Ukifunga kabla ya matatizo makubwa kutatuliwa, utaua imani. Ukichelewa, mbio zako zitakuwa za sakafuni. Mimi hufunga pale malalamiko ya wiki yanapogeuka kutoka "hili haliwezekani" kuwa "hili linachelewa".

Badilisha pia kinachopimwa. Kama tathmini ya mwaka bado inahesabu kasi ya zamani, umewaambia watu kwa maandishi kwamba ulikuwa unatania. Na daftari lenyewe usilitupe kama takataka mbele ya aliyelijaza. La Mzee lilikaa kwenye kabati la kioo la stoo, kwa ombi la mafundi.

Umefanikiwa ukiona: mgeni ameajiriwa, na wenzake wanamfundisha utaratibu mpya bila wewe kuwepo. Akikosea, wanamtania. Ngumi ya begani sasa inalinda njia yako.

## Kama umeshaharibu

Wengi mtaufikia ukurasa huu mkutano wa kimya ukiwa umeshapita. Rudini Harwood. Miezi 2 na nusu baada ya kile kikundi cha kwanza kuporomoka, watu wake 13 waliobaki walikusanywa tena, wakapewa kazi nyingine mpya, safari hii wakishiriki kuipanga. Watu wale wale walioitwa wagumu walirudi kwenye kiwango chao haraka na kukipita.

Kwa hiyo usibadilishe watu. Simamisha utekelezaji kwa wiki 1, rudi Hatua ya 3, kisha itisha mkutano na uufungue hivi: "Mara ya kwanza niliwaeleza, sikuwauliza. Haya ndiyo ambayo bado yako mikononi mwetu." Bandika safu ya "Yako wazi" ukutani, gawa vikaratasi, na utoke nje.